Frimasoni: Historia ya Chama na Uwongo wa Matangazo

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mlio madarasani hivi sasa, kuna jina moja ambalo karibu kila mtu wa Nachingwea na Ruangwa amelisikia, lakini ni wachache wawezao kulieleza. Jina hilo ni Frimasoni. Katika miji mingi ya Tanzania limebandikwa kwenye nguzo za umeme, na katika simu huingia ujumbe uahidio nyumba, magari na fedha kwa yeyote atakayejiunga. Wako watu waliotuma fedha zao za korosho na ufuta kwa watu wasiowafahamu, wasipate chochote. Yafaa basi tuieleze historia ya chama hiki, ili anayetaka kukijua akijue, na anayetaka kukikataa akikatae kwa hoja.

Maana ya jina hilo ni waashi huru. Zamani huko Uingereza na Uskoti mafundi waliochonga mawe ya makanisa makuu walikuwa na vyama vyao. Kibanda chao cha kazi kiliitwa loji, na fundi alipanda kutoka uanagenzi hadi ufundi kamili. Katika karne ya 17 watu wasiokuwa waashi walianza kupokelewa katika loji hizo. Kwa mapokeo ya chama chenyewe, tarehe 24 Juni 1717 loji nne za London ziliungana chini ya Loji Kuu moja, na mwaka 1723 James Anderson akachapisha katiba yake. Zana za uashi zikabaki kuwa mafumbo: skwea ni unyofu wa mwenendo, bikari ni kujiwekea mipaka. Ngazi za msingi ni tatu: mwanagenzi, fundi mwenza na fundi mkuu. Mwanachama hana budi awe anamwamini Mungu, na mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi ndani ya loji. Mafundisho yao makuu ni upendo wa kindugu, kusaidia wenye shida, na ukweli.

Wengi huuliza: kama mambo ni mema, siri ya nini? Watu wa kusini wanaweza kulijibu swali hili kuliko wengine. Katika jando la Wamwera kijana alitengwa, akafundishwa kwa nyimbo na mafumbo, na akaagizwa asiyatoe nje aliyofundishwa. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakulifuta jando, bali alilipa sura ya Kikristo, kwa kuwa aliona thamani yake. Siri peke yake, basi, si ushahidi wa uovu. Lakini ipo tofauti kubwa: jando lilikuwa la kila mtoto wa kiume wa jamii, na Frimasoni ni ya wachache waliochaguliwa. Katika siku za ukoloni wachache hao hawakuwa sisi.

Chama kiliingia Afrika ya Mashariki pamoja na utawala wa Waingereza. Loji iitwayo Harmony ilifunguliwa Nairobi mwaka 1905. Mwaka 1926, mwaka ule ule wa Askofu Lucas, ikaundwa Loji Kuu ya Wilaya ya Afrika ya Mashariki chini ya London, ili kuziongoza loji za eneo hili. Waliokutana humo hapo mwanzo walikuwa zaidi maofisa, wafanyabiashara na walowezi.

Hapa Nachingwea twakumbuka jinsi maisha ya namna hiyo yalivyoonekana kwa mtu aliye nje. Mpango wa karanga ulipoanza mwaka 1947, wageni walikuja na matrekta, nyumba zao na vilabu vyao. Reli ikajengwa kutoka pwani, na bandari ya Mtwara pia. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya hasara ya pauni milioni 36 na zaidi, na baadaye hata reli iking'olewa. Mwananchi aliyefyeka pori hakuelezwa sababu. Mambo yafanywayo nyuma ya mlango uliofungwa huzaa tetesi, na mwenye kufunga mlango hana haki ya kuwalaumu sana walio nje kwa kubuni.

Baada ya uhuru mlango ulianza kufunguka. Aliyejulikana zaidi nchini alikuwa Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1928, aliyekulia Bukene, Tabora. Viwanda vyake vya kusaga nafaka vilitaifishwa Februari 1967 baada ya Azimio la Arusha, naye akakubali kuliongoza shirika la umma la usagishaji. Kuanzia mwaka 1986 hadi 2005 alikuwa kiongozi mkuu wa Frimasoni Afrika ya Mashariki, na alijitokeza hadharani kukieleza chama chake. Alifariki mwaka 2017.

Haifai kuficha kwamba dini zimekipinga chama hiki. Papa Klementi wa 12 aliwakataza Wakatoliki kujiunga mwaka 1738, na katazo hilo lilirudiwa mwaka 1983 na 2023. Mwaka 1978 wanazuoni wa sheria ya Kiislamu waliokutana Makka nao walikilaani. Muumini anayefikiria kujiunga ayapime hayo kwanza.

Sasa tuje kwenye utaratibu. Loji zilizo chini ya London hupokea wanaume watu wazima. Mwombaji hudhaminiwa na wanachama wanaomfahamu, huhojiwa, kisha kura ya siri hupigwa. Ada ipo, lakini haiombwi kwa ujumbe wa simu na mtu asiyejulikana. Lililo kubwa ni hili: kabla ya kupokelewa, mwombaji hutakiwa kutamka kwamba hakuja kwa tamaa ya mali. Basi mtu anayekuita kwa kukuahidi utajiri anakualika kwa sababu ile ile ambayo chama kinaikataa mlangoni. Ahadi yake yenyewe inamshuhudia kuwa ni tapeli.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi, hakuna loji chini ya London ya kukupokea kabla hujawa mtu mzima, na yeyote akuambiaye vinginevyo anataka fedha ya mzazi wako. Na wewe ndugu yetu wa zamani uliye kazini, ukiletewa ujumbe wa namna hiyo usitume hata shilingi moja. Uhifadhi, uupeleke polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliwekwa kwa ajili ya watu kama hao. Kisha mweleze jirani yako, maana huenda naye ameupata ujumbe huo huo, akaona haya kusema.