Mbwa anayehofia radi asifungwe mnyororo

Katika maeneo ya Kericho, Kisii na Kakamega, ambako ngurumo husikika sehemu kubwa ya mwaka, si ajabu mbwa mkali wa kulinda boma kupatikana alasiri amejibanza chini ya kitanda, akitetemeka na kutokwa na mate hata kabla tone la kwanza halijaanguka. Baadhi ya wenye mbwa humcheka, wengine humchapa.

Kumchapa ni kosa, kwani hofu hiyo ni ya kweli na adhabu huizidisha. Radi haiji kwa kishindo tu. Huandamana na mwanga wa umeme, giza, upepo na mvua inayopiga mabati, na mbwa hujifunza kuzihusisha dalili hizo zote na ngurumo. Ndiyo sababu huanza kuhangaika mapema.

Hatari kubwa ni kutoroka. Mbwa aliyeingiwa na hofu huweza kuvunja banda, kuruka ua au kujinyonga kwa mnyororo. Akionekana barabarani akihema na kuchuruzika mate, wapita njia humdhania ana kichaa na kumpiga mawe. Ni vigumu kuwalaumu: ugonjwa wa kichaa cha mbwa ungali unaua watu, na mkakati wa kitaifa wa Kenya ulioanza mwaka wa 2014 unalenga kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Kwa hivyo mbwa achanjwe kila mwaka, cheti kihifadhiwe, na avishwe ukanda wa shingoni wenye nambari ya simu ya mwenyewe.

Mawingu yakitanda, mbwa afunguliwe na kuingizwa ndani, mbali na madirisha. Pembe yenye giza au chini ya meza panatosha, mradi aachwe huru kuingia na kutoka. Redio ikiwashwa hupunguza makali ya kishindo. Wapo wanaoamini kwamba kumbembeleza humzoesha uoga, lakini hofu haiongezeki kwa kufarijiwa. Akija kujilaza miguuni, asifukuzwe.

Tiba ya kudumu huhitaji subira, na wakati wake bora ni miezi ya kiangazi. Mbwa huchezewa ngurumo iliyorekodiwa kwenye simu, kwa sauti ya chini mno, huku akilishwa vipande vya nyama. Baada ya siku kadhaa sauti hupandishwa kidogo. Akionyesha wasiwasi, irudishwe chini. Hata hivyo, simu haina umeme wala upepo, na baadhi ya mbwa hawahadaiki.

Wanaojiumiza wapelekwe kwa daktari wa mifugo, ambaye anaweza kuwapa dawa ya kupunguza hofu. Si kila dawa ya kulegeza mwili inafaa: asepromazini, iliyotumiwa kwa miaka mingi, humfanya mbwa ashindwe kukimbia ilhali moyoni angali anaogopa. Vidonge vya binadamu visijaribiwe kamwe. Ibuprofeni, kwa mfano, huweza kumharibu figo na kumuua.