Bakuli ya wali kwa namna ya Vietnam: kuitengeneza Likasi, na kuosha majani yake vizuri

Huko Vietnam watu wanapenda sana chakula cha bakuli. Chini wanaweka wali ao tambi za mchele, juu nyama ya kuchoma, karoti za siki, tango, majani mabichi na karanga za kutwanga, kisha wanamwanga mchuzi mwepesi wa ndimu na samaki. Haiko supu. Yenye tambi inaitwa bún. Ile ya mji wa Hanoi, bún chả, ilisikika dunia nzima mwezi wa tano 2016, wakati Barack Obama aliikula pamoja na mpishi Anthony Bourdain, wamekaa kwenye viti vidogo vya plastiki. Wote wawili walikula kwa dola 6.

Kwetu Likasi inayofaa zaidi ni ile ya kusini mwa Vietnam, cơm tấm, maana yake wali wa mchele uliovunjika. Zamani ilikuwa chakula cha watu wa mfuko mwepesi, leo mji mzima wa Saigon unaikula. Na mchele wa vipande sisi tunaujua, njo ule wa bei ya chini sokoni. Kwa hiyo usisumbuke kutafuta tambi za mchele. Vermiseli ya ngano inaweza kusaidia, lakini ikilowa kidogo inageuka uji.

Kwa watu wanne, pika vikombe viwili vya mchele, uache upoe kidogo. Nyama nusu kilo, ya kuku, nguruwe ao mbuzi, kata nyembamba, paka kitunguu saumu, sukari kijiko kimoja na chumvi, kaa nayo nusu saa, kisha choma kwenye makala. Michopo ya kununua pia inafaa, ila upashe moto tena. Karoti mbili kata kama vijiti, tia siki, sukari na chumvi kidogo.

Mchuzi njo kazi yenyewe. Wao wanatumia nước mắm, maji ya samaki wadogo waliokaa na chumvi miezi mingi. Hapa chukua kipande cha samaki ya chumvi, kama kidole gumba, chemsha dakika 10 katika kikombe kimoja cha maji, chuja. Ongeza maji ya ndimu mbili, sukari vijiko viwili, kitunguu saumu na pilipili. Onja kwanza mbele ya kutia chumvi, mara nyingi haihitaji.

Sasa majani. Bila majani mabichi bakuli hii inabaki wali na nyama tu: menta, sibuleti, seleri, saladi. (Lengalenga na matembele viache kwenye sufuria. Sombe mbichi ni sumu, hata usijaribu.) Lakini mama anayeogopa mboga mbichi Likasi hana ujinga. Kipindupindu kimerudi huku kwetu mara nyingi, na bustani nyingi zinamwagiliwa na maji ya mito na mifereji ambayo watu wanaogea na kutupia uchafu.

Osha hivi. Ondoa udongo wote kwanza, jani kwa jani, kwa maji mengi. Kisha tia javeli isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5, kijiko kidogo kimoja cha chai katika lita 3 za maji safi. Zamisha majani dakika 5, halafu suuza kwa maji yaliyochemka na kupoa. Maji yakichemka kwa nguvu dakika moja inatosha. Tango na karoti pia zinapita humo, na utazimenya. Wengine wanasema ndimu inatosha kuua vijidudu. Ndimu inapunguza, haimalizi, na mchuzi wetu una maji mengi.

Kuna jambo ambalo javeli haliwezi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo. Vumbi iliyo juu ya jani inaoshwa, lakini chuma kilichoingia kupitia mizizi hakitoki. Basi muulize muuzaji mboga imelimwa wapi, na kama ni karibu na kiwanda ao mfereji wake, nunua kwa mwingine. Ukiwa na nafasi, panda menta na sibuleti kwenye ndoo iliyotoboka, kwa udongo ulioletwa mbali na viwanda.

Panga bakuli wakati watu wamekaa tayari kula: wali, nyama, mboga, karanga za kukaanga, mchuzi mwisho. Wali uliopikwa usiache nje zaidi ya saa mbili, na usitegemee frigo siku ambazo kuran inakatika-katika. Majani yaliyobaki bila mchuzi yaingize kwenye sufuria ya jioni, na bukari.