Klachi kutoachia

Klachi kutoachia ni hitilafu ya gari lenye gia za mkono, ambapo dereva hukanyaga pedali ya klachi hadi mwisho lakini injini na giaboksi hubaki zimeunganika. Ni kinyume cha klachi kuteleza, ambapo injini huunguruma kwa nguvu huku gari haliongezi mwendo. Hitilafu hizi mbili huchanganywa mara nyingi, na mwenye gari huishia kununua pleti mpya isiyohitajika.

Utendaji

Pedali ikikanyagwa, nguvu yake hupita kwenye kebo, au kwenye mafuta ya breki kutoka silinda ya juu (masta) hadi silinda ya chini iliyo kando ya giaboksi. Silinda ya chini husukuma foku, foku husukuma rilizi beringi, nayo beringi hubonyeza springi za presha pleti. Hapo pleti ya klachi huachana na flaiwili, na giaboksi haizungushwi tena na injini. Msukumo ukipungua popote njiani, pleti haiachii.

Uchunguzi

Gari huwekwa mahali tambarare, mbele na nyuma pakiwa wazi, na breki ya mkono ikiwa imevutwa. Injini ikiwa inanguruma na gia iko huru, pedali hukanyagwa hadi chini, husubiriwa sekunde chache, kisha huingizwa rivasi. Gia ikisaga, pleti bado inazunguka. Rivasi hufaa kwa jaribio hili kwa sababu katika giaboksi nyingi haina kifaa cha kulinganisha mwendo kama gia za mbele. Kisha injini huzimwa na gia hujaribiwa tena. Zikiingia kwa urahisi, lawama ni ya klachi. Zikiwa bado ngumu, kosa liko kwenye fimbo za gia au giaboksi yenyewe.

Kabla ya kushusha giaboksi, kazi inayoweza kuchukua siku nzima, hutazamwa kwanza mafuta katika kopo la klachi. Yakipungua, kuna uvujaji: kapeti chini ya pedali ikilowa, ni masta, mpira wa silinda ya chini ukilowa, ni silinda hiyo. Pedali ikipata nguvu baada ya kupampu mara kadhaa, huenda kuna upepo ndani au sili za masta zimechoka. Kuongeza oili ya injini badala ya mafuta ya breki ni kosa kubwa, kwani huvimbisha sili za mpira.

Mtu mmoja akikanyaga pedali, mwingine huangalia fimbo ya silinda ya chini. Ikisogea kidogo tu, hutolewa upepo au hubadilishwa sili. Ikisogea kikamilifu na gia bado zinasaga, kosa liko ndani: foku iliyopasuka, presha pleti iliyochoka, pleti iliyopinda, au beringi ndogo ya mbele ya shafti iliyokwama.

Kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria

Gari lililoegeshwa kwa miezi kando ya ziwa, hasa wakati wa masika, linaweza kukutwa pleti imeshikana na flaiwili kwa kutu. Maji ya ziwa si ya chumvi kama ya Bahari Hindi, lakini unyevu peke yake unatosha.

Madereva wengine huendelea na safari kwa kuzima injini, kuingiza gia ya kwanza na kupiga stata. Gari huruka mbele papo hapo. Kwenye vilima vya Mwanza mbinu hiyo ni ya hatari, na kwenye kivuko zaidi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko cha hapo, lakini magari ya kwenda Ukerewe kupitia Kisorya, na yanayovuka Kamanga, bado hupangwa bampa kwa bampa juu ya vivuko, abiria wakisimama katikati yake. Gari la namna hiyo halifai kupandishwa kivukoni. Livutwe hadi gereji.