Jibu Lipi Litangulie? Uzito wa Majibu ya Maabara katika Uuguzi wa Karagwe na Kyerwa

Jibu la maabara linapofika wodini likiwa nje ya kiwango cha kawaida, yaani nje ya mipaka ambamo huangukia vipimo vya watu wengi wenye afya, mara nyingi muuguzi wa zamu ndiye hulipokea na kuamua kama mgonjwa atangulizwe au asubiri. Mazoea humwelekeza kutazama ukubwa wa tofauti: kadiri tarakimu inavyoachana na kawaida, ndivyo jibu linavyohesabiwa kuwa zito. Makala haya yanatetea hoja kwamba mazoea hayo hayatoshi popote, na kwamba katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ambako hospitali kama Nyakahanga na Isingiro ziko mbali na hospitali za rufaa, yanaweza kumpotezea mgonjwa uhai.

Dhana ya jibu la hatari iliwekwa wazi mwaka 1972 na mwanapatholojia wa Marekani, George Lundberg, aliyelieleza kuwa ni jibu lililo mbali na kawaida kiasi cha kutishia uhai hatua isipochukuliwa upesi, na ambalo hatua hiyo ipo. Sehemu ya pili ya maelezo haya husahauliwa kwa urahisi, ingawa ndiyo inayomhusu muuguzi zaidi, kwani inaufunga uzito wa jibu na kile kinachoweza kutendeka mahali alipo mgonjwa, ndani ya muda uliobaki.

Malaria inalidhihirisha jambo hili. Mtoto anapofikishwa akiwa na degedege, kipimo cha haraka kikionyesha malaria na wingi wa damu ukiwa gramu 5.5 kwa desilita, majibu hayo mawili huvuta macho; lakini linalopaswa kutafutwa kwanza ni la sukari, kwa kuwa sukari iliyo chini ya milimoli 2.2 kwa lita, ambayo Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa dalili ya malaria kali, huweza kuharibu ubongo haraka, ilhali hupimwa kwa tone la damu kando ya kitanda na kurekebishwa kwa glukosi ya mshipani. Kipimo chanya cha malaria peke yake hakielezi ukali wa ugonjwa, na aina nyingi za vipimo vya haraka hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya matibabu, kwa sababu hunasa protini ya vimelea inayochelewa kutoweka mwilini.

Kuhusu upungufu wa damu, utafiti wa TRACT uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019 una funzo ambalo kila muuguzi wa Kagera anastahili kulijua. Miongoni mwa watoto zaidi ya 1,500 waliokuwa na gramu kati ya 4 na 6 bila dalili za hatari, kuongezewa damu papo hapo hakukupunguza vifo kuliko kuwaangalia kwa karibu na kuwaongezea pale tu hali ilipozorota au kiwango kiliposhuka chini ya gramu 4. Watoto wawili wenye gramu 5, basi, hawaidai chupa moja iliyopo kwa nguvu sawa: anayepumua kwa shida hutangulia, na mwenzake hupewa kilicho kazi ya uuguzi hasa, yaani kuangaliwa na kupimwa tena kila baada ya saa chache pasipo kukosa. Kwa kuwa kituo cha damu salama cha Kanda ya Ziwa kiko Mwanza, uamuzi huo una maana kubwa zaidi Kyerwa kuliko mjini.

Tarakimu yenyewe pia huhitaji kuhojiwa. Chembe za damu zikipasuka ndani ya sampuli, potasiamu huonekana imepanda wakati mwilini haijapanda. Na damu iliyotolewa kwenye mkono wenye dripu ya glukosi huonyesha sukari ambayo mgonjwa hana. Jibu la namna hiyo halitupwi: mgonjwa huendewa, hutazamwa, na sampuli hurudiwa mara moja.

Umbali nao hubadilisha mpangilio. Mjamzito anayetoka Murongo, mpakani na Uganda, akiwa na shinikizo kubwa la damu na chembe za kugandisha damu zinazoshuka, huenda asiwe mwenye tarakimu ya kutisha kuliko zote wodini. Lakini ikiwa hospitali haina uwezo wa kumhudumia hadi mwisho, jibu lake ndilo la kwanza kupigiwa simu, sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba ikitangulia, ili gari na hospitali ya mkoa iliyoko Bukoba vijiandae wakati muuguzi akiendelea na majibu yanayotibika palepale.

Itapingwa kwamba mpangilio huu unampa muuguzi kazi ya daktari. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama angetakiwa kutaja ugonjwa. Anachotakiwa ni kuanza hatua chache zilizoidhinishwa kwa maandishi na hospitali yake, kama vile kutoa glukosi, kutoa oksijeni, kusimamisha dripu na kuita msaada. Maabara nayo isiache jibu la hatari kwenye trei lichukuliwe asubuhi: mtaalamu alifikishe mwenyewe au kwa simu, muuguzi alirudie kwa sauti ili lisikosewe, na daftari lionyeshe saa lilipotoka, aliyelipokea na saa mgonjwa alipohudumiwa.