Mti uliotoroka darasani

Tukitaja mambo tuliyoachiwa na Wajerumani, haraka haraka tunakumbuka Reli ya Kati, maboma na Vita vya Maji Maji. Shuleni wengi wetu tuliishia hapo. Lakini kuna urithi mwingine ambao mpaka leo unaota na kuzaa: mimea iliyoletwa nchini ili isomwe na kujaribiwa, kisha ikaruka ua.

Twende kwanza Amani, milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha pale taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Mimea ililetwa kutoka Asia, Amerika na pande nyingine za Afrika: miti ya kwinini, ya mpira, ya mbao, ya viungo. Shabaha ilikuwa kuona ni kipi kitastawi na kuyaletea mashamba ya walowezi faida. Kwa lugha yetu ya leo, lilikuwa darasa la vitendo, tena kubwa kuliko mengi barani Afrika.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Waingereza wakaichukua Amani. Nao waliendesha utafiti wao wa kilimo hapo, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940 ulipohamishiwa Muguga, Kenya. Waliofuata Amani walikuwa watafiti wa malaria. Mbu wakapata wataalamu, ile miti ikabaki na msitu tu.

Sasa msikilize mti mmoja unaoitwa msizi. Jina lake la kisayansi linamuenzi Emin Pasha, aliyefika Bukoba mwaka 1890 akiwa pamoja na huyo huyo Stuhlmann. Kwao msizi ni Kagera, Uganda, Kongo na kuendelea hadi Afrika Magharibi. Amani ulipandwa mwaka 1913. Kwa miaka mingi haukumsumbua mtu. Hondohondo walikula matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali na bustani, lakini miche ya msizi inataka mwanga, na msitu uliofunga hauna mwanga wa kugawa.

Mwanga tukauleta wenyewe. Baada ya uhuru, na hasa miaka ya 1970 na 1980, msitu wa Usambara Mashariki ulikatwa mbao kwa kasi, tena kwa msaada wa Finland. Wakulima nao walifyeka chini ya miti wapande iliki. Kila pengo lililofunguka msizi ulilijaza, na sehemu nyingine ulipandwa kwa makusudi. Uvunaji ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, Finland ikageuka mfadhili wa uhifadhi, na mwaka 1997 Amani ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Msizi ulikuwa umeshaingia ndani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliangalia mimea 214 ya kigeni iliyokuwa bado hai katika bustani ile. Aina 16 zilikuwa zimesambaa sana nje ya zilipopandwa. Unaweza kusema 16 kati ya 214 si nyingi. Ndiyo, lakini hakuna aliyejua mapema ni zipi. Tena msizi ni mzaliwa wa Tanzania hii hii, hauhitaji pasipoti kutoka Bukoba kwenda Tanga! Kiumbe kinaweza kuwa mwenyeji bonde moja na mvamizi bonde la pili.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wakoloni na mashamba makubwa, darasa la kawaida lina madhara gani? Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwahoji walimu karibu 2,000 wa nchi yao na Kanada. Kati ya waliofundishia wanyama hai, mmoja katika kila wanne aliwaachia nje somo lilipokwisha. Si ubaya, ni huruma. Nani atamuua konokono au kamba ambaye watoto wameshampa jina? Mmoja wa wanyama hao wa darasani ni kamba mwekundu wa maji baridi kutoka Louisiana. Sisi Afrika Mashariki tunamfahamu kwa njia nyingine: mwaka 1970 aliwekwa Ziwa Naivasha, Kenya, kwa ajili ya uvuvi, akayafyeka mayungiyungi na majani ya majini.

Turudi nyumbani, mkoa wa Pwani. Iko Gwata ya Kibaha na iko Gwata ya Kisarawe. Msitu wa Ruvu Kusini unagusa wilaya zote mbili, na Mto Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule zetu zimehimizwa kuwa na mashamba, vitalu vya miti na mabwawa ya samaki. Ni jambo zuri. Ila fikiria shule ya huko ikichimba bwawa na kufuga sato, kwa sababu anakua haraka. Masika yakija bwawa likafurika, sato anaingia kijitoni, kutoka kijitoni hadi Ruvu. Mto ule una perege wake wa asili, na sato huzaliana naye mpaka ukoo wa perege ukapotea. Sato ameshaonekana katika mito ya pwani; hatuna sababu ya kumwongezea njia.

Kinga yake haihitaji mfadhili. Bwawa lichimbwe mbali na mkondo, liwe na tuta na wavu kwenye mtoro wa maji, na apandikizwe perege wa mto ule ule. Kitalu kianze na mpingo na mkongo kabla ya mti wowote wa haraka. Mimea ya majini ya mazoezi ya baiolojia ianikwe mpaka ikauke, ichomwe, isitupwe mtaroni. Na muhimu kuliko yote: kabla kiumbe hakijaletwa, iandikwe ni nani atakayekitunza mwalimu mhusika akihamishwa.

Wajerumani waliandika kwa uangalifu mkubwa walichokipanda Amani, lakini kitu kimoja hawakukipangia: siku ambayo wao hawatakuwepo. Walimu wetu nao huhama, wanafunzi humaliza na kuondoka. Bwawa na kitalu havipewi uhamisho.

Mjadala uko wazi.