Toa Hendibreki

Mwalimu wa udereva na fundi wa gereji husema sentensi moja kwa maneno yale yale, kila mmoja akiwa na lake: "Toa hendibreki." Mwanafunzi aliyeshika usukani akiisikia, hushusha mpini na gari likapata kuondoka. Kijana aliyelala chini ya gari la zamani akiisikia, hufungua waya, dramu na viatu vya breki, akavitupa pembeni pamoja na vyuma chakavu. Tendo la kwanza hutenguliwa jioni ile ile gari linapoegeshwa. La pili, mara nyingi, halitenguliwi tena.

Kiswahili kina njia ya kuepusha mkanganyiko huu, nayo ni ya kupendeza. "Achia hendibreki" ni kuilegeza ili gari litembee. "Acha hendibreki" ni kuiacha ilivyo, usiiguse. Irabu moja ya kauli ya kutendea imegawa kazi mbili ambazo kitenzi kutoa kimezichanganya. Ningependa kila shule ya udereva ifundishe "achia", na kutoa kibaki gerejini, mahali ambapo kweli kitu hutolewa.

Lakini kitenzi ni nusu tu ya tatizo. Nusu kubwa imo katika jina lenyewe.

Hendibreki, au breki ya mkono kwa wanaopenda Kiswahili kilichonyooka, ni jina linalotaja kiungo cha mwili kinachokitumia kifaa, likanyamaza kuhusu kazi yake. Hata kiungo chenyewe kimeshaachwa nyuma. Katika Mercedes-Benz W123, gari la miaka ya 1970 na 1980 ambalo bado linaonekana katika miji yetu, breki hiyo hukanyagwa kwa mguu wa kushoto na kufunguliwa kwa kuvuta kitasa kidogo kwenye dashibodi. Madereva huiita "hendibreki ya mguu", na hakuna anayeshangaa. Katika magari mapya ni kitufe cha kubonyeza kwa kidole, na bado ni hendibreki. Jina limetoka kwenye mkono likawa jina tu. Sina ugomvi na hilo. Maneno mengi mazuri yameishi hivyo. Shida ni kwamba jina lisilotaja kazi haliwezi kuitetea kazi hiyo siku mwenye gari anapoulizwa: tuitengeneze au tuiondoe?

Wengine wameiita kwa kazi yake, na hapo ndipo utaona jinsi jina linavyoweza kuongoza mkono wa fundi. Wamarekani wengi huiita breki ya dharura. Vitabu vya watengenezaji huiita breki ya kuegeshea. Majina haya mawili hayakubaliani, na kila moja lina historia nyuma yake.

Chukua Ford Model T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927. Breki ya mguu ya gari lile haikugusa magurudumu hata kidogo. Ilikaza mkanda ndani ya gia boksi. Kitu chochote kikivunjika kati ya gia boksi na magurudumu ya nyuma, dereva angekanyaga mpaka achoke. Kilichobaki kilikuwa mpini wa mkono, uliobana dramu za magurudumu yenyewe ya nyuma. Mpini huo huo uliweka gari frii ulipovutwa. Gari la namna hiyo huwezi kulitolea hendibreki ukabaki na gari. Kwa watu wa zama zile, "breki ya dharura" lilikuwa jina sahihi kabisa.

Baadaye zikaja breki za mafuta. Duesenberg ya mwaka 1921 ilikuwa nazo kwenye magurudumu yote manne, na miongo iliyofuata zikaenea. Watu wakaanza kuuamini mguu. Hata hivyo, kwa miaka mingi magari mengi yalikuwa na njia moja tu ya mafuta kutoka masta silinda hadi magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, hata kama ni lile la gurudumu la nyuma kushoto, mafuta yote hutoka na pedali hushuka hadi sakafuni. Marekani ililazimisha njia mbili katika magari mapya mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwingine mabadiliko yalikuja polepole zaidi. Mwenye gari lililotengenezwa kabla ya hapo, na hata Land Rover nyingi za baada ya hapo, ana breki mbili tu: ile ya mafuta, na ile ya waya au vyuma isiyojua habari za mafuta.

Waingereza wameliandika jambo hili katika kanuni zao za ukaguzi wa magari. Gari dogo lenye njia mbili za mafuta hudaiwa hendibreki yenye nguvu isiyopungua asilimia 16 ya uzito wa gari. Lenye njia moja hudaiwa asilimia 25. Gari la zamani ndilo linalodaiwa zaidi, kwa sababu hendibreki yake ina kazi mbili: kulishikilia likiwa limesimama, na kulisimamisha breki ya mguu ikikata.

Sasa turudi kwenye "breki ya kuegeshea". Kama neno, nalipenda. Kuegesha ni kitenzi cha watu wa pwani: kabla ya magari, kilichoegeshwa kilikuwa chombo, kikisogezwa taratibu hadi kikae karibu na ukingo. Ni ndugu wa kuegama na kuegemea. Ni neno lililotulia, na kwa gari jipya linatosha. Kwa gari la zamani linadanganya kwa kusema nusu. Akishaambiwa kwamba hiki ni kifaa cha kuegeshea, mwenye gari hujibu mara moja: mimi naegesha tambarare. Naliacha kwenye gia. Nikipita mlimani, kuna jiwe.

Majibu hayo hayasimami hata kwa kuegesha kwenyewe. Gia hulishikilia gari kwa mgandamizo wa hewa ndani ya silinda za injini, na injini iliyochoka, yenye ringi zilizolika, huivujisha hewa hiyo. Kwenye mteremko gari husogea kidogo, likatulia, likasogea tena. Kwenye gari la otomatiki, herufi P huangusha kipande kidogo cha chuma kwenye meno ya gurudumu ndani ya gia boksi, na uzito wote hulala hapo. Jiwe nalo linamtaka mtu wa kushuka na kuliweka wakati gari bado limeshikwa na mguu wa mwingine. Malori yana utingo kwa kazi hiyo. Mwenye gari dogo akiwa peke yake kwenye mteremko wa kushukia pantoni, Likoni au Kigamboni, hana wa kumtuma.

Land Rover inastahili aya yake, kwa sababu ndiyo inayotolewa hendibreki kuliko magari mengi. Tangu 1948 hadi Defender ya mwisho ya muundo wa zamani mwaka 2016, hendibreki yake haikuwa kwenye magurudumu. Ni dramu moja nyuma ya gia boksi ndogo, inayobana shafti ya propela. Oili ya gia ikivuja kwenye sili iliyo karibu, dramu hulowa na viatu huteleza. Fundi huvuta mpini, husikia meno yakilia yote, gari halishiki. Hapo ndipo hutoka ile sentensi. Lakini ugonjwa ni sili. Hendibreki imelowa tu. Badilisha sili, safisha dramu, weka viatu vipya, na itashika kwa nguvu.

Ina tabia moja ambayo jina halimwonyi mtu. Kwa kuwa inashika shafti na si gurudumu, ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu huliruhusu hilo lililo juu kuzunguka, na lililobaki chini nalo huzunguka kinyume. Gari linaondoka juu ya jeki na hendibreki ikiwa imevutwa hadi mwisho. Anayedhani "breki ya kuegeshea" maana yake gari limeegeshwa, yuko hatarini akiwa chini yake. Hapo kabari za magurudumu ni lazima.

Kwa hiyo ningependekeza nini? Mdomoni, jina hendibreki libaki. Limeshazoeleka kuanzia Mombasa hadi Mbeya na hakuna kamati itakayoling'oa, wala haina haja. Lakini katika vitabu vya udereva, katika maelezo ya ukaguzi na katika makaratasi ya gereji, napenda tuandike breki ya akiba popote gari linalozungumzwa ni la zamani. Madereva wanalijua neno akiba kwa tairi, na hakuna anayemwambia fundi alitupe tairi la akiba kwa sababu eti halijapata pancha. Neno hilo pia linamtaka mtu aitumie ili ibaki hai: waya usiovutwa miezi mingi hushika kutu ndani ya ganda lake, na siku ukiuhitaji haurudi au hauendi.

Na pale ambapo imeshaondolewa, lugha ya mauzo isiifunike. "Hendibreki inahitaji kukazwa kidogo" ni maneno ya gari ambalo waya wake umelegea. Gari ambalo dramu na viatu vyake vimetupwa halina hendibreki, na hivyo ndivyo iandikwe kwenye hati ya mauziano, kabla mnunuzi hajalipa na kulipeleka kwenye mteremko wa Kitonga.