Govi la Mtoto na Daktari Aliyeamua Kuhesabu

Mwaka 1870, daktari Lewis Sayre wa New York aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyeshindwa kutembea. Alipomkagua, alikuta govi limebana na lina maumivu. Akalikata. Mtoto alipopata nafuu, Sayre aliamini amegundua chanzo cha kupooza. Aliandika na kuhutubia, na maneno yake yalikuwa na uzito, kwani miaka 10 baadaye alikuwa rais wa chama cha madaktari wa Marekani. Baada ya hapo govi likasingiziwa kila ugonjwa: kifafa, henia, kukojoa kitandani, hata wazimu.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua tohara kama agizo la dini au kama jando, yenye ngariba wake, nyimbo zake na mafunzo yake. Tohara iliyoenea Marekani na Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa jambo jingine kabisa. Iliingia nyumbani kwa jina la tiba, kumtibu mtoto ambaye mara nyingi hakuwa na ugonjwa wowote.

Kosa lilianzia kwenye jambo ambalo mama yeyote anaweza kuliona anapomwogesha mwanawe: govi la mtoto mchanga halirudi nyuma. Madaktari waliiita hali hiyo fimosisi, wakaitibu kama ulemavu. Mzazi aliyekataa kisu aliagizwa alivute govi kila siku wakati wa kuoga mpaka liachie. Mtoto alilia, ngozi ikachanika, damu ikatoka. Kidonda kilipopona kiliacha kovu, na kovu hilo ndilo lililobana govi kwelikweli. Inauma kufikiri ni watoto wangapi walitengenezewa ugonjwa na mikono ya watu waliowapenda.

Douglas Gairdner, daktari wa watoto huko Cambridge, aliuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema zaidi: kwani govi la mtoto mwenye afya likoje? Akaanza kukagua na kuhesabu. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la British Medical Journal tarehe 24 Desemba 1949. Kati ya watoto wachanga 100, ni 4 tu ambao govi lilirudi nyuma kikamilifu. Kufikia mwaka mmoja walikuwa karibu nusu, na kufikia miaka 3 karibu asilimia 90. Hali iliyoitwa ugonjwa ilikuwa hatua ya kawaida ya kukua.

Sababu yake iko kwenye mwili wenyewe. Mtoto anapozaliwa, ngozi ya ndani ya govi imegandana na kichwa cha uume kama ukucha ulivyoshikana na nyama ya kidole. Seli zinazounganisha sehemu hizo hufa polepole na kujikusanya, na nafasi hufunguka kidogo kidogo. Mabaki yake huonekana kama vipunje vyeupe chini ya ngozi. Wazazi wengi huvidhania usaha, na hapo ndipo mkono huanza kuvuta. Gairdner aliona pia kwamba mtoto angali anavaa nepi, govi humkinga dhidi ya muwasho wa mkojo.

Takwimu zake nyingine zilikuwa za kutisha. Katika miaka ya 1940, tohara iliua kwa wastani watoto 16 wa chini ya miaka 5 kila mwaka katika England na Wales, wengi kwa sababu ya dawa ya usingizi. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1948, haikugharamia tohara isiyo na sababu ya kitabibu, na desturi hiyo ikapungua haraka.

Hata hivyo, kazi ya Gairdner iliacha tatizo moja: wengi waliuchukua umri wa miaka 3 kama mwisho wa kusubiri. Aliyelirekebisha alikuwa daktari Jakob Øster wa Denmark, ambaye mwaka 1968 alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka wanafunzi 1,968 wenye umri wa miaka 6 hadi 17. Kati ya wa miaka 6 na 7, asilimia 63 bado walikuwa na sehemu zilizogandana. Kwa wa miaka 16 na 17 walibaki asilimia 3 tu. Govi lilikuwa limejifungua lenyewe, na waliohitaji upasuaji walikuwa wachache mno.

Afrika Mashariki mazungumzo yalichukua mkondo mwingine. Majaribio ya tohara kwa wanaume yaliyofanywa Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, na kusimamishwa mapema Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa wazi, yalionyesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na kampeni zikaingia Nyanza na Kanda ya Ziwa. Ni ushahidi mzito, lakini ni ushahidi kuhusu wanaume. Hauhusu kamwe kumvuta govi mtoto wa miaka 2 kwenye beseni. Mtoto wa kiume anayesubiri jando, au asiyetahiriwa kabisa, bado anahitaji mzazi anayejua alichokigundua Gairdner.

Ushauri wa madaktari wa watoto siku hizi ni mfupi. Osha kwa nje tu, kwa maji ya uvuguvugu, kama unavyoosha sehemu nyingine za mwili. Usilivute kwa nguvu, wala usichokonoe ndani kwa pamba. Likianza kurudi lenyewe, mvulana afundishwe kulirudisha nyuma taratibu, kujisafisha, kisha kulirejesha mbele. Hatua hiyo ya mwisho haifai kusahaulika, kwa kuwa govi lililokwama nyuma huvimba na kuzuia damu, na mtoto anapaswa kufikishwa hospitali mara moja. Vivyo hivyo akishindwa kukojoa. Wekundu wenye uvimbe, maumivu au usaha unahitaji daktari, na pete ngumu nyeupe kwenye ncha ya govi pia. Kwa govi linalobana, tangu miaka ya 1990 madaktari wamekuwa wakiandika krimu ya steroidi ya kupaka kwa wiki kadhaa, na watoto wengi hupona bila kufika chumba cha upasuaji.